KUISHI VIZURI NA KUISHI NA WATU: METHALI YA MSHAIRI WA KIINGEREZA MBELE YA HEKIMA YA WAPEMBA

1. Utangulizi



Katika taaluma ya fasihi simulizi liko swali kongwe ambalo kila kizazi cha wanafunzi hulirudia: je, methali husema kweli? Swali hili huzuka kwa sababu methali hupingana. Anayesema kwamba haraka haraka haina baraka huweza kujibiwa papo hapo kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na wote wawili wakawa wametumia hekima ya wahenga. Mwanafunzi hutazama huku na huku, kisha huuliza wahenga walikuwa upande gani.

Madhumuni ya mhadhara huu ni kulitazama swali hilo kwa kutumia methali zinazohusu jambo moja tu, nalo ni kuishi vizuri. Hasa kuishi vizuri baada ya mtu kutendewa ubaya. Nitaanza mbali, kwa methali iliyohifadhiwa na mshairi wa Kiingereza wa karne ya 17. Kisha nitaileta methali hiyo Pemba, niipime kwa maneno ya Kiswahili, kwa methali zetu wenyewe, kwa desturi ya washairi wa kisiwa hiki, na mwishowe kwa mambo yaliyowapata watu wa Pemba katika miaka ya karibuni.

Hoja yangu kuu ni kwamba hekima ya methali haimo katika maneno yake peke yake. Imo pia katika haki ya kuyasema maneno hayo: nani anayesema, anamwambia nani, na baada ya jambo gani. Methali ile ile huwa dawa katika kinywa cha mtu mmoja na ikawa dhuluma katika kinywa cha mwingine. Asiyelizingatia jambo hili atakusanya methali maelfu na asipate hekima hata moja.

2. Mshairi wa Kiingereza na methali za kigeni

George Herbert alizaliwa mwaka 1593 huko Montgomery, Wales, katika ukoo wa watu wenye vyeo. Alisoma Cambridge, na kuanzia mwaka 1620 akawa msemaji rasmi wa chuo kikuu hicho, kazi iliyomtaka kutunga hotuba na barua za fahari kwa Kilatini. Baadaye aliyaacha matumaini ya kuitumikia ikulu, akawa padri wa parokia ndogo ya Bemerton, karibu na Salisbury. Huko alifariki mwaka 1633, akiwa bado hajatimiza miaka 40. Mashairi yake ya dini yalichapishwa mwaka ule ule aliofariki, na ndiyo yaliyomjengea jina.

Kitabu chake kinachotuhusu hapa ni kingine. Mwaka 1640 ulichapishwa mkusanyiko wa methali 1,032 ulioitwa Outlandish Proverbs. Neno la kwanza la jina hilo lilikuwa na maana ya kitu kilichotoka nchi za nje. Kwa hiyo kwa Kiswahili twaweza kukiita kitabu hicho Methali za Kigeni. Sehemu kubwa ya methali hizo ilitokana na lugha nyingine za Ulaya, kama vile Kifaransa, Kiitalia na Kihispania. Mkusanyiko uliopanuliwa ulitoka mwaka 1651 kwa jina la Kilatini, Jacula Prudentum.

Miongoni mwa methali hizo imo moja iliyosafiri sana duniani. Yasema, kwa maana yake, kwamba hakuna kisasi kilicho bora kuliko kuishi vizuri. Leo watu wengi huitaja bila ya kujua ilikopita, na wengine huielewa kana kwamba yahimiza utajiri na anasa: jenga nyumba kubwa, vaa vizuri, aliyekudharau akuone na roho imuume.

Tuitazame katika mazingira yake. Uingereza ya wakati wa Herbert ilikuwa nchi ambayo waungwana wake walikuwa bado wanamaliza matusi kwa upanga. Desturi hiyo ilikuwa na nguvu kiasi kwamba mwaka 1614 Mfalme James wa Kwanza alitoa tangazo la kuipinga. Kaka yake mshairi, Edward Herbert, mwanafalsafa na balozi, aliandika habari za maisha yake, na humo akasimulia jinsi alivyokuwa tayari mara kwa mara kumwita mtu kwenye pambano la silaha kwa ajili ya heshima. Katika jamii kama hiyo, kusema kwamba kisasi bora ni kuishi vizuri hakukuwa pambo la maneno. Lilikuwa jibu kwa mtu ambaye mkono wake umekwisha kushika mpini wa upanga. Basi tangu mwanzo methali hii ilihitaji msikilizaji wa namna fulani: mtu aliyetendewa ubaya, mwenye uwezo wa kulipiza, na ambaye hajaamua bado.

3. Maneno yenyewe: kuishi, kisasi na kulipa

Tuilete sasa methali hii katika Kiswahili. Tukisema kwamba kisasi bora ni kuishi vizuri, sentensi inasimama kisarufi. Lakini maneno yake, yakishaingia katika lugha yetu, yanakokota mambo ambayo hayakuwamo katika Kiingereza.

Neno la kwanza ni kisasi. Asili yake ni qisas la Kiarabu. Wasemaji wa Kiswahili walilisikia silabi ya kwanza wakaifanya kiambishi cha ngeli, kama walivyofanya kwa kitabu, na ndiyo sababu twasema kisasi na visasi, kitabu na vitabu. Hayo ni mabadiliko ya umbo. Mabadiliko ya maana ni makubwa zaidi. Katika sheria ya Kiislamu, qisas ni malipo yenye mpaka: ubaya hulipwa kwa kadiri yake wala hauzidishwi, na katika Sura al-Baqara, pale pale haki hiyo inapotajwa, mlango wa msamaha umeachwa wazi. Katika Kiswahili cha kila siku mpaka huo umefutika. Kisasi kimekuwa ni ubaya wowote unaorudishwa, uwe mdogo au mkubwa kuliko ule wa kwanza. Neno lililoingia kama jina la haki yenye kipimo limekuwa jina la hasira isiyo na kipimo.

Hata hivyo, alama ya kipimo imebaki katika kitenzi. Hatusemi kwamba mtu amefanya kisasi. Twasema amelipa kisasi au amelipiza kisasi. Kitenzi hicho hicho ndicho tunachotumia kwa deni na kwa fadhila. Mtu hulipa deni, hulipa wema, hulipa kisasi. Kwa mujibu wa lugha yetu, aliyetendewa jema na aliyetendewa ovu wako katika hali moja: kila mmoja ana hesabu iliyo wazi na mwenziwe. Tofauti ni sarafu tu.

Neno la pili ni kuishi, ambalo pamoja na maisha limetokana na Kiarabu. Hapa ndipo ilipo tofauti kubwa. Kwa Kiingereza mtu aweza kuishi vizuri peke yake, na maneno yakamtosha. Kwa Kiswahili, tukisema fulani anaishi vizuri, tutaulizwa: na nani? Sifa ya kawaida ya mtu mwema katika vijiji vyetu ni kwamba anaishi vizuri na watu, au anakaa vizuri na watu. Kitenzi kuishi hakipokei kwa kawaida mnyambuliko wa kutendana, hakuna kuishiana. Badala yake hujiegemeza kwenye kihusishi na: kuishi na mtu, kuishi na jirani. Kisha vitenzi vinavyoeleza hali hiyo vyote ni vya kutendana. Watu wenye maelewano husemwa kwamba wanasikilizana, wanapatana, wanaelewana, wanajuliana hali. Wanapokosana, wanasusiana, hawasemezani, hawazikani.

Kiambishi -an- basi ni zaidi ya kipengele cha sarufi. Ndicho kinachobeba fikra ya maisha mema katika lugha hii. Mtu hawezi kusikilizana peke yake, wala kupatana peke yake. Tukishalikubali hili, methali ya Herbert inatupa tatizo. Ikiwa kuishi vizuri ni kuishi na watu, na miongoni mwa watu hao yumo jirani aliyenitenda ubaya, nitaishije vizuri naye na wakati huo huo maisha hayo yawe ni kisasi juu yake?

4. Methali zinazojibizana

Methali za Kiswahili hazikubaliani juu ya swali hilo, na wala hazifichi kwamba hazikubaliani. Akutendaye mtende, mche asiyekutenda: hii ni methali ya kipimo. Yampa mtu ruhusa ya kurudisha alichotendewa, lakini papo hapo yamwekea mpaka, kwamba asiyekukosea usimguse. Wanaoitaja nusu yake ya kwanza peke yake wameivunja. Mwosha huoshwa: hii haimwamrishi mtu jambo lolote, yamkumbusha tu kwamba zamu yake itafika. Hasira hasara: hii yahesabu, yasema kwamba malipo ya hasira humgharimu mlipaji. Tenda wema nenda zako: hii yafunga daftari kabisa, yamtaka mtu atende bila ya kungoja malipo. Na kwa upande wa pili, maji yakimwagika hayazoleki: kuna mambo ambayo hayarudi, hata watu wakitaka.

Mwanafunzi anayeziona methali hizi katika orodha, moja chini ya nyingine, huona mgongano. Lakini orodha ni kazi ya mkusanyaji. Ilikuwa hivyo kwa Herbert, na ilikuwa hivyo kwa W. E. Taylor, mmisionari aliyeishi Mombasa na kuchapisha mkusanyiko mkubwa wa methali za Kiswahili mjini London mwaka 1891. Kazi za namna hiyo zimetufaa sana, na bila ya hizo mengi yangepotea. Lakini zina tabia ya kuitoa methali katika mazungumzo, kama samaki atolewavyo majini ili apimwe urefu wake. Urefu twaupata, namna anavyoogelea hatuioni.

Katika maisha, methali haitoki peke yake. Fikirini kikao cha kuchambua karafuu. Mchana watu wamechuma. Jioni wamezunguka lundo, wanatenga karafuu na makonyo yake kwa vidole, na kazi hiyo yaacha midomo huru. Mtu huanza kulalamika juu ya jirani aliyemchukulia mpaka wa shamba. Mmoja husema akutendaye mtende. Mzee aliye pembeni husema hasira hasara. Wa tatu, ambaye huenda ni shemeji wa huyo jirani, husema mwosha huoshwa, na kila mtu pale ajua kwa nini ni yeye aliyeichagua hiyo. Hakuna aliyetoa sheria. Kila mmoja ameweka jiwe lake katika mizani, na mwenye shauri ndiye atakayetazama mizani imelalia wapi. Kwa hiyo methali ni upande mmoja wa hoja, na upande wa pili husubiriwa kwa wengine waliopo.

Hili ndilo jibu la kwanza kwa swali la mwanafunzi. Wahenga hawakuwa upande mmoja. Walituachia pande zote, wakatuachia na kazi ya kuchagua.

5. Washairi wa Pemba na desturi ya kujibizana

Tukitaka kuona jinsi hekima inavyofanya kazi kwa kujibizana, Pemba ni mahali pazuri pa kutazama. Kisiwa hiki kina historia ndefu ya ushairi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 kilipata pia msukumo wa kiuchumi: kimbunga cha mwaka 1872 kiliangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba, ambayo ilinusurika zaidi, ikawa mzalishaji mkuu wa zao hilo. Karafuu zilileta fedha, zikaleta watu wa asili mbalimbali, zikaleta na utumwa wa mashamba na migogoro ya ardhi na heshima. Hayo yote yalihitaji kusemwa.

Ndimo katika zama hizo walimoishi washairi wawili mashuhuri wa kisiwa hiki, Ali bin Said bin Rashid Jahadhmy, ajulikanaye kwa jina la Kamange, na Sarahani bin Matwar. Tungo zao zilidumu katika vifua vya watu na katika hati za watu binafsi kwa muda mrefu. Mwaka 2011 zilipatikana katika kitabu Kale ya Washairi wa Pemba: Kamange na Sarahani, kilichokusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, na kuhaririwa na Abdilatif Abdalla. Kabla ya hapo, mwaka 1958, W. H. Whiteley alichapisha mjini Kampala, chini ya Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, uchunguzi wake wa lahaja na ushairi wa Pemba. Si bure kwamba mtaalamu huyo aliviweka viwili hivyo pamoja. Ni shida kuichunguza lahaja ya Pemba na kuuacha ushairi wake nje.

Kinachotuhusu leo ni desturi ambayo washairi hawa ni mfano wake bora, yaani kujibizana. Mmoja hutunga, mwenziwe hujibu kwa bahari ile ile na mara nyingi kwa vina vile vile. Atakayejibu hana budi kwanza kusikiliza, kwa sababu umbo la jibu lake limekwisha kuwekwa na mwenziwe. Hawezi kusema lolote alitakalo. Lazima asimame mahali aliposimama mpinzani wake, akanyage nyayo zake, kisha aelekee kwingine. Nidhamu hiyo ya umbo ina funzo la maadili ndani yake. Ugomvi unaendeshwa, lakini hauvunji uhusiano; kwa hakika uhusiano ndio unaouwezesha ugomvi uendelee.

Tazameni pia kibwagizo. Katika shairi la mishororo minne, lenye mizani 16 kwa kila mshororo, mshororo wa mwisho mara nyingi hurudiwa katika kila ubeti, na mara nyingi hubeba methali au usemi ulio karibu na methali. Maneno ni yale yale kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, lakini maana haitulii. Katika ubeti mmoja kibwagizo ni nasaha, katika wa pili ni kejeli, katika wa tatu ni onyo. Mishororo mitatu inayotangulia ndiyo inayoamua. Mshairi wa Kiswahili ameijua kanuni hii kwa matendo kabla ya sisi wanaisimu kuipa jina: maana ya methali hukaa katika kile kilichotangulia.

Nje ya Pemba kuna mwandishi mmoja ambaye hatuwezi kumpita katika mada hii. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze, kitabu kilichochapishwa mwaka 1952, alimchora mtu aliyehusudiwa na kudhulumiwa na nduguze mwenyewe, Hasidi na Mwivu, ambao waligeuzwa manyani. Adili analazimishwa kuwapiga kila usiku, na anaumia kwa kuwapiga. Kisasi hapo kimewekwa mikononi mwake kama adhabu juu yake mwenyewe. Furaha ya hadithi haitimii mpaka nduguze warejeshewe umbo la binadamu na wasamehewe. Hivyo ndivyo Shaaban Robert anavyoweza kusomwa kama jibu kwa Herbert: maisha ya Adili hayawezi kuwa mazuri maadamu nduguze wako katika minyororo.

6. Mtihani wa methali: miaka ya kususiana

Hadi hapa mtu anaweza kusema kwamba haya ni mazungumzo ya kitaaluma, matamu lakini mepesi. Siyo. Pemba imeufanya mtihani wa methali hizi kwa gharama kubwa.

Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi wa Zanzibar katika zama hizi ulifanyika Oktoba 1995. Matokeo ya urais yaliyotangazwa yalitofautiana kwa chini ya nusu asilimia, na chama cha upinzani, CUF, kilipata viti vyote 21 vya Pemba. Mvutano uliofuata haukubaki katika ofisi za vyama. Uliingia majumbani. Mwezi wa Januari 2001, kufuatia uchaguzi wa mwaka 2000, maandamano yalikabiliwa kwa risasi. Watu zaidi ya 20 waliuawa, na takriban watu 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, pwani ya Kenya. Mwafaka ulitiwa saini Oktoba mwaka huo, lakini utekelezaji wake ulisuasua. Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana na kuanzisha kilichoitwa Maridhiano, na tarehe 31 Julai 2010 wapiga kura wa Zanzibar, kwa asilimia 66.4, waliridhia serikali ya umoja wa kitaifa. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2015 kufutwa na kurudiwa Machi 2016, mvutano ulirudi tena, na taarifa za majirani kususiana zikasikika upya.

Mimi si mwanasiasa, wala sikusudii kupima hapa nani alikosea zaidi. Nakusudia kutazama neno hilo moja: kususiana. Katika miaka hiyo vijiji vingine vya Pemba vilishuhudia watu wasiouziana dukani, wasiopandiana gari, wasioalikana harusini. Lililowaumiza watu zaidi lilikuwa kutozikana. Katika fikihi, maziko ni faradhi kifaya: wakiyatekeleza baadhi ya Waislamu, wajibu unawaondokea waliobaki. Kwa mujibu wa sheria, basi, jirani asiyekwenda mazikoni hakutenda dhambi maadamu maiti amezikwa. Lakini kwa mujibu wa -an- ya Kiswahili, amevunja kila kitu. Kuzikana ni deni ambalo kila mtu yu hakika kwamba siku moja atakuwa mdai wake, na hatakuwapo kulidai. Mwosha huoshwa haikuwa tena methali ya kuchambulia karafuu. Ilikuwa tishio, na ilikuwa huzuni.

Katika hali hiyo, methali ya Herbert ingefaa? Kwa sura yake ya Kiingereza, sidhani. Aliyesusa alidhani pia kwamba anaishi vizuri: ana duka lake, ana watu wake, hamhitaji yule. Kususa ndiyo hasa namna ya kuishi vizuri peke yako na kuifanya silaha.

Methali iliyosikika sana wakati wa kupatana ilikuwa nyingine: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Inafaa tuisimamie kidogo. Ndwele ni neno la kale lenye maana ya ugonjwa. Jamaa yake ni mwele, yaani mgonjwa, neno ambalo vijana wengi leo hulikuta katika methali hii na katika mashairi tu. Kuganga ni kutibu, na kutokana nalo tumepata mganga. Methali hii basi imejengwa yote kwa sitiari ya tiba. Yasema kwamba yaliyopita yasihesabiwe kuwa ni maradhi yanayotaka dawa, na kwamba tiba ielekezwe mbele.

Ni maneno mazuri. Lakini sikilizeni tofauti. Mama aliyempoteza mwanawe Januari 2001 akisema yaliyopita si ndwele, amefanya jambo kubwa kuliko hotuba zote. Ameifunga hesabu ambayo yeye ndiye mdai wake. Akiyasema maneno hayo hayo yule aliyetenda, au aliyeamrisha, au aliyeshangilia, kabla ya kuombwa radhi mtu yeyote, hakuganga kitu. Amejifutia deni lake mwenyewe kwa kalamu ya wahenga. Silabi ni zile zile, na sarufi haina la kulaumu, ila methali imegeuka.

Hapa ndipo mdeni na mdai wanapotusaidia. Tuliona kwamba Kiswahili hukiweka kisasi na wema katika daftari moja kwa kitenzi cha kulipa. Katika kila desturi ya biashara tuijuayo, mwenye haki ya kusamehe deni ni mdai. Mdeni anaweza kuomba, kulipa au kukiri, kusamehe hawezi. Methali za msamaha, na methali za kuishi vizuri baada ya ubaya, ni mali ya aliyetendewa. Mwingine akitaka kuzitumia, kwanza amtake radhi mwenyewe.

7. Mafunzo kwa utafiti wa methali

Yako mambo matatu ambayo wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuyachukua hapa.

La kwanza ni la mbinu. Mnapokwenda kukusanya methali vijijini, msirudi na maneno tu. Andikeni nani alisema, alimwambia nani, nini kilitangulia, na nini kilijibiwa. Methali isiyo na jibu lake ni nusu ya data. Mkisikia kimya baada ya methali, kiandikeni pia, kwani kimya nacho ni jibu.

La pili ni la lugha. Maneno kama ndwele, mwele na kuganga yamehifadhiwa na methali na ushairi baada ya kupungua katika mazungumzo. Lahaja za visiwa hivi zina maneno na maana ambazo hazimo katika kamusi zetu nyingi, na wenye kuzijua wanapungua. Shule zetu huwafundisha watoto kuikamilisha methali: mwalimu hutaja mwanzo, mtoto hutaja mwisho, akapata alama. Zoezi hilo lina faida yake, lakini humfanya mtoto aamini kwamba methali imekamilika inapofika nukta. Afadhali aulizwe: ni nani anayeweza kuisema hii, na ni nani asiyeweza?

La tatu ni la tafsiri. Methali ya Herbert ilitoka nje hata kabla ya kufika Uingereza, na kitabu chake kilikiri hivyo katika jina lake. Nasi hatuna sababu ya kuiogopa kwa kuwa ni ya kigeni. Lakini tukiitafsiri neno kwa neno tutapata sentensi ya Kiswahili isiyo na uhai wa Kiswahili. Tafsiri ya kweli italazimika kuongeza kile ambacho lugha yetu hukidai, yaani na nani.

8. Hitimisho

Nilianza kwa swali kama methali husema kweli. Jibu langu ni kwamba methali peke yake haisemi kweli wala uongo. Husemwa kwa haki au bila ya haki. Mshairi wa Kiingereza alihifadhi usemi uliomfaa muungwana aliyeshika upanga, ukamwambia auteremshe aendelee na maisha yake. Hekima ya Wapemba, kama inavyoonekana katika maneno yao, katika ushairi wao wa kujibizana na katika machungu waliyoyapitia, humtaka aliyetendewa ubaya afike mbali zaidi ya hapo, naye aliyetenda humdai zaidi pia. Mtu hajaishi vizuri mpaka amekuwa na watu wa kumzika, na hatakuwa nao ikiwa hakuwazika wao.

Anayetaka kujua kama maridhiano ya kijiji yamefika kweli, asitazame mikataba wala asihesabu hotuba. Atazame jeneza linapotoka, ni nani wanaolipokea begani, na wanapokezana na nani.